Mguu wa Mama na Kiingereza Changu

Jumatano, Mfunguo Nne. Temeke.

Mvua imeanza alfajiri, ikakatika adhuhuri, ikarudi tena kama mtu aliyesahau kofia yake. Baiskeli imegandwa na tope mpaka kwenye kengele. Nimerudi kutoka hospitali sasa hivi, magharibi haijaadhiniwa, na mke wangu Mwajuma ameniwekea chai hapa kando ya daftari. Sijaigusa. Kichwa changu leo ni kizungumkuti kitupu.

Kesho asubuhi ndiyo siku daktari aliyopanga kumpasua mama yangu nyonga. Asipopasuliwa kesho, hapasuliwi tena. Na mambo yakiharibika, aliyeyaharibu ni mie, wala simsingizii mtu.

Niyaandike kama yalivyotokea, labda yatakaa sawa.

Mama alianguka wiki iliyopita huko kwao Msasani. Mwenyewe anasema aliteleza kwenye mkeka. Majirani wanasema kulikuwa na arusi, na yeye alikuwa akiwaonyesha wasichana jinsi lelemama ilivyochezwa enzi zake. Ana vitukuu mama yangu, lakini ngoma haijawahi kumpita akiwa amekaa. Akazunguka, mguu ukabaki nyuma. Nimemuuliza mara mbili. "Mkeka," anasema. Basi ni mkeka.

Mwunga mifupa wa pale Msasani alimpapasa, akanyanyuka bila hata kufungua kamba zake. Alisema mkono anauweza, muundi anauweza, nyonga ya mzee haiwezi. Namshukuru kwa kusema kweli. Tukamleta mjini kwa lori la Mwarabu mwenye duka, mama kalala juu ya magunia ya mchele, analitukana kila shimo la barabara.

Hospitalini wakampiga picha ya mifupa, wakamlaza wodi ya wanawake wa Kiafrika. Mguu wa kulia wakaufunga kamba, na mwisho wa kamba wakaning'iniza uzito wa kuuvuta. Ijumaa daktari Mzungu akaniita barazani. Dresa Masanja, mfunga vidonda ambaye ndiye hutufasiria siku zote, alikuwa ameenda kula. Daktari akaniuliza kama najua Kiingereza.

Hapo ndipo nilipopaswa kufunga mdomo.

Nikasema ndiyo.

Daftari, wewe unanijua. Kazi yangu ni kupanga herufi kwenye kiwanda cha chapa. Tangazo la Kiingereza nalipanga kuliko mtu yeyote pale, herufi moja moja, kinyumenyume, wala sikosei. Lakini kuyapanga maneno siyo kuyajua. Nilisoma mpaka darasa la sita, nikatoka na majina ya vitu: kiti, mlango, sahani, viungo vya mwili. Daktari alizungumza taratibu, mtu mwungwana, akinitazama machoni. Nilishika kwamba mfupa umevunjika vipande na haukai mahali pake. Nilishika kwamba mama ni mzee. Kisha akachora kwa kidole juu ya suruali yake mwenyewe, kutoka nyongani kushuka pajani, akasema kukata. Neno hilo nalijua. Kisha akasema ukucha. Kisha akasema sahani.

Nikajumlisha. Watakata mguu kuanzia nyonga mpaka kucha, wauweke kwenye sahani.

Nikamwambia nimeelewa. Tena nikaona fahari kidogo, Mungu anisamehe, kwa vile nimeelewa bila mkalimani.

Nikaenda kukaa kitandani kwa mama, nikamweleza. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu.

"Hiyo sahani ya nini?"

Loo! Mie nitajuaje? Lakini mtu aliyekwisha kujitapa kuwa anajua Kiingereza hawezi tena kusema hajui sahani ni ya nini. Nikamjibu, "Heshima tu, mama. Hawapendi kuuweka chini."

Akatikisa kichwa polepole. "Wazungu nao wana adabu zao," akasema.

Siku mbili hakusema na mtu. Mwajuma alikuwa akimlisha uji, anakunywa, anageukia ukuta. Jumapili akaita wote tuliokuwepo, akasema amekubali. Nesi akaleta karatasi, mama akatia dole gumba. Sharti lake lilikuwa moja: mguu uoshwe, uvishwe bafta, uzikwe Msasani pembeni ya marehemu baba, maana kiungo cha Mwislamu hakitupwi. Kisha akamwambia Mwajuma ile kubadhi yake ya kulia ampe mtu yeyote atakayemwona hana mguu wa kushoto. Tulicheka, hatukucheka, hata sijui tulifanya nini.

Jumatatu mjomba wangu Mbwana, kaka yake mama, akachimba kaburi. Dogo. Hakujua alipime vipi, akanyoosha mguu wake mwenyewe chini akaweka alama kwenye nyonga na kwenye kisigino. Nilikuwepo. Alipotoka shimoni alikuwa anafuta macho kwa kofia, mzee yule ambaye hata kwenye msiba wa mkewe sikumwona akilia.

Na siku zote hizo sikuwa na shaka hata chembe. Hilo ndilo linalonitisha leo kuliko kosa lenyewe.

Basi leo saa sita nikamwendea dresa Masanja kuulizia mipango ya kesho. Masanja ni Mnyamwezi wa Tabora, na sie Wazaramo ni watani wao, kwa hiyo hatujawahi kuzungumza dakika mbili bila kutukanana. Leo nilimwendea kwa adabu. Nikamuuliza nije saa ngapi kuuchukua mguu, na sahani wanayo au tulete ya nyumbani.

"Mguu upi?" akauliza.

"Wa mama."

"Unaupeleka wapi?"

"Kuzika. Mjomba keshachimba."

Masanja akaweka chini beseni lake la bendeji. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye chumba cha vyombo, akafungua kabati. Akanionyesha kwa mbali, nisiguse. Kulikuwa na msumari wa chuma unaong'aa, mnene kama kidole changu cha kati, una mapezi matatu ubavuni ili usizunguke ukiwa ndani ya mfupa. Na kulikuwa na bamba la chuma lenye matundu ya skrubu.

"Msumari huu unapita humu mpaka kwenye kichwa cha nyonga," akasema, akijishika mwenyewe. "Bamba linaushika mfupa wa paja kwa nje. Mguu haukatwi, Bwana Sefu. Inapasuliwa nyama tu, kuufikia mfupa."

"Daktari alisema ukucha. Alisema sahani."

"Ukucha na msumari kwa Kiingereza ni neno moja. Na sahani na bamba ni neno moja."

Neno moja! Watu wameitawala nusu ya dunia, wakakosa neno la msumari!

Masanja alicheka mpaka akaegemea kabati. "Wazaramo nyie! Kaburi la mguu mmechimba, na mie mtani wenu hamkuniita kuja kudai changu?"

Sikucheka. Kwanza nilitaka kumpiga, halafu nikataka kumkumbatia, maana mguu wa mama unabaki. Alipoona uso wangu akaacha mzaha, akanieleza vizuri. Mfupa wa mama umepasuka pabaya. Kila ukiuweka sawa unateleza, kwa hiyo kuuvuta kwa uzito peke yake hakuaminiki. Atalazimika kulala chali miezi mitatu, na mzee wa umri ule akilala chali miezi mitatu mgongo unafanya vidonda, kifua kinajaa, anakwenda kabla mfupa haujaunga. Akitiwa chuma, baada ya siku chache wanamkalisha. Baadaye magongo.

"Lakini sikufichi," akasema, "hata ile dawa ya usingizi ina hatari kwa mzee. Wengine hawaamki."

Kisha akaniambia neno lililonivuruga mpaka sasa hivi ninapoandika. "Usimwambie kitu. Dole keshatia. Mwache aingie akijua anakatwa. Akiamka akajipapasa akaukuta mguu upo, furaha peke yake itamponya."

Nilisimama barazani natazama mvua. Nilijua dole la mama limekubali jambo asilolijua. Nilijua pia kuwa nikinyamaza, kesho saa mbili anapasuliwa, basi, limekwisha. Mdomo huponza kichwa, na wangu ulishaponza vya kutosha.

Nikamwambia mama.

Na hapa niseme kweli yote, maana hapa hapana wa kunisikia. Sikumwambia kwa sababu mie ni mkweli. Nilimwambia kwa sababu nilitaka kumwona akifurahi. Nilitaka niwe mimi niliyeleta habari njema, ili ile habari mbaya niliyoileta Ijumaa isahaulike.

Nikaingia wodini natabasamu kama bwana arusi. Shikamoo mama. Marahaba. Mama, hukatwi mguu, nilikosea, ni msumari tu.

Hakufurahi.

"Msumari gani?"

"Wa chuma."

"Unaingia wapi?"

"Ndani ya mfupa."

"Unatoka lini?"

Hilo sikumuuliza Masanja. Nikasema nadhani hautoki.

Akanitazama. Macho ya mama yangu yana ukungu siku hizi, lakini leo yaliniona mpaka utosini. "Ijumaa uliniambia kisu," akasema. "Nikalia peke yangu siku mbili, nikauaga mguu wangu, nikamaliza. Leo unaniambia msumari. Kesho utakuja kuniambia nini, nyundo?"

Na nyundo ipo kweli! Masanja alinionyesha. Nikanyamaza, na mama akaona nimenyamaza.

Lahaula. Akaanza kudai dole lake. Anataka ile karatasi irudishwe, dole lake lifutwe. Masanja akaja, daktari akaja, safari hii Masanja akafasiri kila neno, na mie nikasimama pembeni kama mtoto aliyevunja chungu. Mama akageukia ukuta. "Mkitaka kupigilia, pigilieni mlango," akasema. Masanja akalifasiri hilo pia. Daktari hakukasirika, ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema hamlazimishi mtu. Nafasi ya kesho ataiweka mpaka saa mbili. Baada ya hapo anasafiri kwenda majimboni, na akirudi mfupa utakuwa umeshaharibika kwa kukaa vibaya, hatautia chuma tena.

Mjomba Mbwana akafika katikati ya mambo hayo, kalowa chapachapa. Nikamwelezea. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umeshika kidevu.

"Mjomba," akaniambia, "mimi nimelichimbia kaburi neno la Kiingereza?"

Akaondoka palepale kwenda kulifukia, anasema shimo lililochimbwa kwa jina la mtu halilali wazi. Nilimwona kupitia dirishani anavuka ua, mgongo umejikunja, na huruma ikanishika.

Nilibaki na mama peke yangu. Wagonjwa wengine walikuwa wanaletewa chakula na watu wao, vifuniko vinalia, harufu ya mchuzi imejaa wodi nzima. Sisi hatukuwa na hamu. Mie nilikuwa natafuta maneno. Nilikuwa nimejipangia hoja kama herufi kwenye fremu: hoja ya miezi mitatu, hoja ya vidonda, hoja ya kifua. Nilikuwa tayari kuapa.

"Sefu."

"Labeka, mama."

"Huo msumari ukiingia, nitapona?"

Mdomo ulifunguka kusema ndiyo. Wallahi ulifunguka. Ningesema ndiyo, utapona, utacheza arusi ya mjukuu wako, kila mtoto angesema hivyo. Lakini nilikumbuka nilivyosema "heshima tu, mama," kwa sauti ileile, kwa uso uleule, na yeye akaniamini.

"Sijui, mama," nikasema.

"Na nisipokubali?"

"Masanja anasema utakufia kitandani polepole. Hata hilo mie mwenyewe silijui. Nilicho nacho ni hofu tu."

Akacheka. Kicheko kidogo cha puani, cha kwanza tangu aanguke. Mie machozi yalikuwa yananitoka, yeye anacheka.

"Basi sikiliza, baba. Ulipokuwa unajua, nilikufuata wewe. Sasa kwa kuwa hujui, niache nichague mwenyewe."

Akaniambia nikamwite Masanja. Masanja akaja, na mama akamwuliza yeye mwenyewe, bila mie kutia neno. We Mnyamwezi, msumari unaupitisha wapi? Nitausikia? Nikisujudu utanichoma? Nikifa nao, waoshaji watauona? Masanja akajibu moja baada ya jingine, na pale asipojua akasema hajui. Kusujudu alisema hawezi kumwahidi, huenda akaswali amekaa. Mama akamwuliza na nyundo. Masanja akanitazama, mie nikatazama sakafu.

"Nyundo ipo, bibi," akasema.

"Basi mwambie bwana wako apige taratibu. Nyie Wanyamwezi mkishika kitu cha kugonga hamjui kuacha."

Masanja akasema kwa Wazaramo hugonga mara mbili, maana mifupa yao migumu kwa kula mihogo. Wakacheka wote wawili. Nikajua hapo kuwa amekubali, kabla hajasema.

Alisema: mguu huo nilikuwa tayari kuuzika ningali hai, sasa chuma kitanishinda nini? Akaomba wino upya. Masanja akamwambia hakuna haja, dole la Jumapili linatosha. Mama akakataa katakata. Lile la Jumapili, anasema, lilikuwa la jambo jingine. Wakatafuta wino, akatia dole la pili chini ya lile la kwanza, akalikandamiza mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Hapo ningeondoka na roho nyeupe. Kengele ya wageni ilishalia, nesi anatufukuza. Nikambusu mkono, nikamwombea dua, nikanyanyuka. Akanishika mkono wa shati.

Akanivuta mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake. "Nikifa kesho," akasema, "usiwaambie watu kwamba ulikosea Kiingereza. Waambie mama yako alitaka mwenyewe. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia.

Nimepanda baiskeli kutoka mjini mpaka Temeke sijui nimepita njia gani. Na sasa nimekaa hapa, nakuandikia wewe, kwa kuwa kwa watu nimekatazwa. Mwajuma ananiuliza kama mama amekubali, namwambia ndiyo, anashukuru Mungu, anauliza mbona basi uso wangu uko hivyo. Sijui nimjibu nini.

Maana nimeanza kufikiri jambo, na kila nikilifukuza linarudi. Mama angekataa akafa kitandani, ukoo mzima ungejua kilichomuua: ulimi wa Sefu. Mjomba angejua. Msasani nzima ingejua, mpaka wanangu wangetaniwa. Lakini akikubali akafa mezani, hiyo ni kazi ya Mungu, na mwana hana lawama.

Yeye alilijua hilo. Mama yangu hashindwi hesabu ndogo kama hiyo.

Basi dole lile la pili, alilolikandamiza vile, alilitia kwa ajili ya mguu wake, au kwa ajili yangu?

Akiamka nitamuuliza.